Maji ya Jumapili

Saa moja asubuhi, Rusayl. Nafungua karakana
na pua inapata habari kabla ya macho:
yai viza, soksi, mtaro.
Ijumaa na Jumamosi mashine zimelala,
mafuta ya reli yametanda juu ya tangi
kama utando juu ya chai iliyosahauliwa,
na chini yake, gizani, vijidudu vimekula sikukuu.

Sukumaran anasema: mwaga, tutie mapya.
Anakuna ukurutu kwenye vifundo vya vidole.
Bwana Muhenna anasema: pipa lile linanunuliwa kwa riali,
Zuwena, halinunuliwi kwa dua.

Ubaya wa kisu ni kwamba hakilalamiki.
Kinakereza shafti ya kwanza, ya kumi, ya thelathini,
halafu sauti yake inapanda kidogo,
kama mtu anayekwambia sijambo huku ameuma meno,
halafu ncha inameguka, kipande kama nusu ya dengu,
na shafti nzima ya pampu inakuwa chuma chakavu.
Walilaumu chuma.
Walilaumu ncha, eti za bei rahisi.
Wiki moja wakaulaumu mkono wangu.

Nilichota tone, nikaliweka kwenye kioo cha kipimo,
nikakielekeza mlangoni, kwenye jua lile lisilo na adabu.
Mstari wa buluu ukasimama kwenye kumi na nne.
Nane ndiyo haki yake.
Julai imekunywa maji, imetuachia mafuta.
Nyanya yangu, aliyekuja huku na mbuzi yake ya kukunia nazi kutoka Pemba,
angetazama mara moja tu: hili kasimile, mwanangu,
wali wa harusi huu, nani kakwambia chuma kinaoa?
Chuma kinataka tui la pili, jepesi, linalokimbia.

Sasa maji. Ya gari la maji yana chumvi,
na kila tukijazia, chumvi hukaa juu ya chumvi,
hata vioo vya mashine vimeota ukoko.
Lakini juu ya mlango wa ofisi kuna kiyoyozi,
na kiyoyozi kina mpira mwembamba,
na mpira unadondosha mchana kutwa mchangani,
mahali anapokunywa paka asiye na mwenyewe.
Maji yaliyokamuliwa hewani, hayajawahi kugusa jiwe.
Nikatega ndoo.
Haba na haba, kibaba;
kwetu Agosti, ndoo mbili na nusu kwa siku.

Nikaengua mafuta kwa ubao na tambara.
Nikazoa vishungi vya chuma vilivyojikunja chini ya tangi,
vyeusi, vinanuka, vinang'ang'ania kama deni.
Maji kwanza, kisha mafuta, polepole, huku nakoroga;
ukigeuza, yanakatika kama maziwa.
Kila asubuhi tone moja kiooni, namba moja kwenye daftari.
Na Alhamisi jioni nilileta pampu ya hewa
ya tangi la samaki la mwanangu Thani
(samaki walikufa Ramadhani, pampu haikufa),
nikaizamisha, nikazima taa,
nikaiacha ipige mapovu peke yake siku mbili,
maana vile vijidudu vya uvundo haviwezi kustahimili hewa.

Jumapili iliyofuata nilisimama mlangoni, ufunguo bado mkononi.
Sabuni, kidogo. Chuma. Basi.

Ncha ile ilikereza shafti themanini na saba.
Nilizihesabu kwa chaki ubavuni mwa mashine,
na kwa masikio: sauti haikupanda
mpaka ya themanini na tano.
Vifundo vya Sukumaran vimeanza kuota ngozi.
Yeye anasema ni mafuta ya nazi ya mkewe,
nami sibishi, huenda ni yote mawili.

Bwana Muhenna alipita, akatazama chaki, akatazama ndoo,
akauliza nani anamwibia paka maji yake.

Nimemwekea kikombe.